Dungu la Nchi Kavu

Watu wa Mtunda walikuwa na namna mbili za kumweleza Mwanamkuu binti Kondo. Waliompenda walisema ni mwanamke asiyejua kukaa bure. Waliochoshwa naye, nao hawakuwa wachache, walisema ana kichwa kigumu kama kinu. Wote walisema kweli. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti iliyozoea kuita mtu wa shamba la tatu, na tangu kupata akili hakuwahi kulala mchana mpaka siku mguu wake wa kulia ulipomlaza kwa nguvu.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla kwisha, wakati wa kuvuna mpunga. Mwanamkuu alikuwa na shamba lake chini bondeni, mahali ambapo mto Rufiji ukifurika huja kulinywesha na kuliachia tope zuri, na katikati ya shamba palikuwa na dungu lake: kibanda cha makuti juu ya nguzo ndefu, na ngazi ya kupandia. Humo ndimo alimokaa tangu kupanda hadi kuvuna, mchana akiamia ndege wasile mpunga, usiku akipiga debe kufukuza nguruwe, na maji yakija yakipita chini yake huku yeye yuko juu anapika wali. Asubuhi moja alikuwa akishuka na kikapu kichwani, akakanyaga kipago cha nne cha ngazi, nacho kikakatika. Mfupa ukavunjika chini ya goti. Wenzake wakamlaza juu ya kitanda cha kamba wakampandisha mpaka Mtunda kwa mwanawe Haruni, na njia nzima alikuwa akiwagombeza kwa kumtikisa.

Mganga wa viungo alimfunga mguu kwa matete, na dresa wa zahanati ya Kibiti akaufunga tena kwa namna yake, ili asije akaonekana hakufanya kitu. Miezi mitatu Mwanamkuu akalala chali akihesabu makuti ya dari. Mwisho wa Agosti matete yakafunguliwa. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri, ila nyama za mguu zilikuwa zimekwenda zao. Alisimama, mguu ukamkunjikia, akaketi chini kwa kishindo katikati ya nyumba.

Haruni alikuwa fundi cherehani, mwanawe wa pekee, mtu mwenye huruma nyingi na maneno mengi zaidi. Alichukua futikamba yake akampima mama yake unene wa miguu kama anayempima mteja. Wa kushoto ulikuwa inchi kumi na tatu. Wa kulia, inchi kumi.

"Mama, basi," alisema, akiviringisha futikamba. "Bonde umelilima miaka thelathini. Safari hii utakaa hapa na sisi, ule, ulale, usuke mikeka. Ba'mdogo Mrisho amekwisha sema atalishika lile shamba kwa muda."

Mwanamkuu alimjua fika Mrisho, ndugu wa marehemu mumewe. Mrisho aliwahi kuazima jembe la kaka yake kwa muda, na jembe lile lililimiwa huko huko mpaka likaisha likawa kama kijiko. Na shamba la bondeni si nyumba, useme hati iko sandukuni. Ni la yule anayeonekana analilima. Msimu mmoja Mrisho akipanda, msimu wa pili watu watasema shamba la Mrisho, na wa tatu hata Haruni mwenyewe atasahau.

"Shamba langu nitalima mwenyewe," alisema.

"Kwa mguu gani, mama?"

"Kwa huu huu."

Haruni akacheka, si kwa ubaya. Akasema neno ambalo baadaye alilijutia mara nyingi. "Haya. Siku utakayopanda ngazi ya vipago saba na debe limejaa kichwani, ukashuka, pasipo kushikwa na mtu, mbegu nitakubebea mimi mwenyewe mpaka shambani. Lakini mvua za kupandia zikianza hujaweza, shamba achukue ba'mdogo."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Mwajabu!" Mwanamkuu alimwita mkwewe aliyekuwa anachekecha unga mlangoni. "Umemsikia mumeo?"

Mwajabu alijibu kuwa amesikia, akaendelea kuchekecha kwa bidii ya mtu asiyetaka kuwa upande wa yeyote.

Juma lililofuata Haruni alimpakia mama yake nyuma ya baiskeli, akaisukuma kwenye mchanga mpaka Kibiti kwa yule dresa. Jina lake Muhidini. Alikuwa kijana mwenye kanzu safi na majivuno kidogo, ila majivuno yenyewe yalikuwa na sababu, maana wakati wa vita alihudumu katika hospitali ya askari huko Nairobi. Akaubinya mguu, akaukunja, akaukunjua.

"Mfupa mzima, bibi. Lakini mguu umezoea uvivu. Kule hospitali askari waliovunjika miguu hatukuwaacha walale. Tuliwafunga mifuko ya mchanga miguuni wakanyanyua. Palikuwa na kamba zimepita juu kwenye magurudumu, huku mguu, huku uzito, mtu anavuta mpaka jasho linamtoka. Palikuwa na vyuma vya kubeba mabegani, mtu anachuchumaa, anasimama, anachuchumaa."

Mwanamkuu alimkodolea macho. "Mfuko wa uzito gani?"

"Huanza kama ratili mbili. Juma baada ya juma unaongeza."

"Mara ngapi?"

"Kumi, unapumzika, kumi, unapumzika, kumi."

"Hilo gurudumu limening'inizwa wapi? Hebu nichoree."

Muhidini akachukua chaki akachora sakafuni hospitali nzima: vitanda, kamba, magurudumu, askari. Mwanamkuu hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kitu akikiona namna kilivyofungwa, hakimtoki tena. Aliitazama ile michoro mpaka Haruni akaanza kuvuta miguu mlangoni.

"Na hao askari walipona?"

"Wengine walirudi kucheza mpira."

"Miye mpira siutaki," alisema Mwanamkuu. "Nitakwenda sasa, mwanangu. Mungu akuweke."

Kesho yake kifumbu cha Mwajabu kilipotea. Mwajabu alikuwa amekwisha kuna nazi tatu, akatafuta kifumbu cha kukamulia tui chini ya vyungu, juu ya dari, hata kwa jirani. Alikikuta chumbani kwa mama mkwe wake, kimejaa mchanga, kimefungwa kwenye mguu wake wa kulia kwa kamba ya ukili, naye Mwanamkuu ameketi ukingoni mwa kitanda anaunyanyua na kuushusha, huku mchanga unachuruzika sakafuni kama tui lenyewe.

"Kinavuja," alisema Mwanamkuu, kana kwamba kosa ni la kifumbu.

"Ndiyo kazi yake, mama," alijibu Mwajabu. Siku ile walikula wali mkavu.

Haruni akashona mifuko minne ya vipande vya kaki, mshono juu ya mshono, hata chembe isipite. Alishona akicheka, na Mwanamkuu akamwacha acheke. Mfuko wa kwanza ulikuwa wa vibaba viwili vya mchanga. Kumi, akapumzika, kumi, akapumzika, na katika kumi la tatu mguu ukaanza kutetemeka kama wa mtoto wa mbuzi aliyezaliwa sasa hivi, naye machozi yakamtoka kwa hasira. Mguu ule ulikuwa umebeba mimba, mizigo na magunia ya mpunga miaka yote hiyo, leo unashindwa na mchanga! Akajifuta machozi, akamaliza lile kumi.

Kisha alitaka gurudumu. Kila juma muuza samaki wakavu alipanda kutoka visiwa vya delta, na Mwanamkuu akamsumbua mpaka akamletea kapi la kuvutia tanga, la zamani, limeoza kamba yake lakini bado linazunguka. Akampa mkeka mpya wa rangi mbili. Mwajabu aliona mkeka ule umepotea bure, kwa vile alikuwa ameutolea macho siku nyingi. Kapi likafungwa kwenye boriti ya chumbani, kamba ikapita, upande mmoja kitanzi cha mguu, upande wa pili debe la mchanga. Mwanamkuu akilala chali anavuta, debe linapanda. Akiachia kidogo kidogo, linashuka. Akiachia ghafla, kama alivyofanya mara ya kwanza, debe linatua kwa mshindo unaotoa kuku wote uani.

Chuma cha mabegani hakikupatikana. Akachukua mchi wa kutwangia, akaning'iniza mfuko wa mchanga kila ncha, akaupitisha nyuma ya shingo. Kwa kuchuchumaa alitumia mbuzi ya kukunia nazi, ile yenye kiti kifupi: anaikalia, anasimama, anaikalia, anasimama, ulimi wa chuma ukiwa umegeuziwa ukutani ili usimfanyie jambo la aibu. Haya yote aliyafanya baada ya sala ya alfajiri, mlango umefungwa, amejifunga kibwebwe na chini ya kanga amevaa suruali ya kaki aliyomlazimisha Haruni kumshonea. Aliwaapisha mwanawe na mkwewe wasimwambie mtu. Mwanamke wa umri wake, mjane, anapandisha na kushusha makalio kama kuruta wa jeshi la Kingi? Mtunda wangemtungia wimbo kabla ya adhuhuri.

Kila Ijumaa Haruni alipima kwa futikamba. Inchi kumi na robo. Kumi na nusu. Juma moja Mwanamkuu alizidisha uzito kwa tamaa, goti likavimba kama papai, akalala siku nne akimlaumu Muhidini ambaye hakuwapo kujitetea. Juma la pili yake akaanza upya na mfuko mdogo. Kumi na moja.

Mwanzo wa Oktoba akasema sasa anataka ngazi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa hatua ndogo ndogo zenye akili. Ngazi haikuweza kuegemezwa nyumbani, udongo wa ukuta ungebomoka. Basi Haruni akachimbia nguzo uani, nyuma ya nyumba, na kufunga kipago kimoja, karibu na chini. Mwanamkuu akapanda na kushuka kipago kile kimoja juma zima. Ijumaa akaongezewa cha pili, na Ijumaa nyingine cha tatu. Kilipofika cha nne ikaonekana hana pa kugeukia akifika juu, naye anatakiwa ageuke ndipo ashuke, kama shambani. Haruni akaongeza nguzo mbili na kufunga ulingo mdogo wa fito, wa kuinuliwa kila kipago kikiongezwa. Jua la Oktoba nalo si la mchezo, likamchoma utosini kila akipumzika huko juu. Mwajabu, ambaye sasa alikuwa amekwisha kusamehe mambo ya kifumbu na mkeka, akamtandazia makuti manne matano.

Kwao wale watatu, kile kilikuwa chombo cha mazoezi. Kwa mtu aliyekiona kutoka ng'ambo ya ua, lilikuwa dungu.

Mtu huyo alikuwa Zabibu, jirani, mwanamke mwema ambaye habari ikiingia kichwani mwake hailali humo. Alichungulia kwenye tundu la ua, akaona dungu linainuka juu ya nchi kavu, kwenye mwinuko, mahali ambapo mto haujafika tangu dunia kuumbwa. Akamwona Mwanamkuu anapanda, anageuka, anashuka, uso umekaza. Zabibu alikumbuka upesi huyu ni binti nani. Marehemu mzee Kondo ndiye aliyeinua dungu lake dhiraa mbili zaidi mwaka ule watu walipomcheka, na mto ukaja ukachukua madungu yote ya waliocheka. Mtu wa damu ile hajengi dungu kwa kupendezwa.

"Shoga, unajenga nini?" aliuliza juu ya ua.

"Mambo yangu tu, shoga," alijibu Mwanamkuu, akashuka haraka na kuficha suruali.

Zabibu hakuongeza swali. Alikwenda kisimani. Kufikia jioni Mtunda yote ilikuwa inajua kwamba mwaka huu Rufiji itapanda mpaka mlimani.

Mwanamkuu hakusikia chochote, kwa kuwa hakutoka uani mwake. Hakumwona Huseni, jirani wa upande wa pili, akijenga ulingo mrefu na kupandisha kuku wake kumi na wanne, ambao kila asubuhi waliruka chini na kila jioni walipandishwa tena kwa matusi. Hakuwaona watu wanakata nguzo kana kwamba boma limetangaza ushuru wa nguzo. Haruni aliona, lakini alidhani ni watu wanajenga nyumba, akafurahi kuwa kijiji kinaendelea.

Katikati ya Novemba, vipago vyote saba vikiwa vimekwisha fungwa na Mwanamkuu akiwa amefika cha sita kwa nusu debe, hodi ikapigwa. Alikuwa Mrisho. Aliketi kwenye mkeka, akauliza hali, akauliza mguu, akauliza hali tena.

"Shemeji," alisema mwishowe, "nimefikiri. Kumvunjia heshima mke wa kaka yangu si jambo zuri. Lile shamba mwaka huu lishike mwenyewe. Mimi silitaki."

Moyo wa Mwanamkuu uliruka. Alitaka kusimama kucheza papo hapo, lakini akajizuia, akasema kwa utulivu kuwa ameshukuru. Mrisho akamsogelea, akashusha sauti.

"Sasa siye ni ndugu. Niambie miye peke yangu. Maji yatafika wapi?"

"Maji gani?"

"Shemeji, usinifiche. Kijiji kizima kinajenga madungu kwa kukuona weye. Hakuna atakayeshusha mbegu bondeni mwaka huu. Atakayepanda, kampandia nani? Samaki?"

Mwanamkuu alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Mrisho akacheka naye bila kujua kwa nini. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni, kwani alikuwa amesikia lile neno la mwisho. Hakuna atakayeshusha mbegu.

Mrisho alipoondoka, Mwanamkuu alikalia mbuzi yake ya kukunia nazi, safari hii si kwa mazoezi. Jambo lilikuwa wazi kama kiganja. Akinyamaza siku kumi tu, mvua zitaanza, Mrisho hatakuwapo, na shamba litabaki lake bila hata kumaliza kipago cha saba. Haruni angeweza kulainishwa, hilo alilijua. Lakini Mtunda isipopanda, mwezi wa saba watoto wa Zabibu watakuwa wanachimba mizizi ya porini, na kuku wa Huseni watakuwa wameliwa zamani. Na akisema kweli, Mrisho atageuka saa ile ile, naye mguu wake haujawahi kubeba debe zima hata siku moja.

"Wajinga hawa!" alisema kwa sauti, peke yake, akaona uchungu kweli kweli. "Bahati yangu imekuja yenyewe mpaka mlangoni, na wao wanataka niifukuze." Kisha akamwita Haruni, akamwambia Ijumaa baada ya sala amwombe jumbe aje uani, na watu wote waje naye.

Walikuja wote. Jumbe Mohamedi aliketi kwenye kiti pekee cha nyumba, Mrisho akasimama karibu naye, wanawake wakajaa upande wa ngazi. Mwanamkuu hakuzunguka. Aliwaambia hajaota wala hajanusa mafuriko yoyote, mto ataujua Mungu, na hiki wanachokiona ni kitu cha kuufanyia mguu mazoezi. Walipomtazama bila kuelewa, akamwambia Mwajabu alete vitu. Ikaletwa mifuko ya kaki, ukaletwa mchi, ikaletwa mbuzi. Mlango wa chumbani ukafunguliwa, wakaona kapi na debe. Mwanamkuu akajitwika mchi mabegani, akachuchumaa, akasimama, akachuchumaa, mbele ya jumbe.

Halafu Zabibu akaangua kicheko, na baada yake ua mzima ukavunjika mbavu. Wengine walilala chini. Jumbe mwenyewe alivua kofia akajifutia machozi.

"Na kuku wangu?" alipiga kelele Huseni. "Siku kumi na tano nawapandisha ngazi!"

"Kaniletee," alisema Mwanamkuu. "Watakuwa na miguu mizuri sana."

Mrisho ndiye pekee ambaye hakucheka. Alisubiri mpaka kelele zikapungua, akakohoa. "Jumbe, kama mafuriko hayapo, basi neno nililosema kwa shemeji nalirudisha. Kwa hali yake, shamba nitalishika mimi. Kwa muda."

"Haruni aliweka sharti," alisema Mwajabu, aliyekuwa hajasema neno mbele ya wanaume tangu aolewe. "Vipago saba na debe. Mimi nilikuwapo."

Jumbe alimgeukia Haruni. Haruni aliitazama ngazi, akamtazama mama yake. "Mama, si lazima leo," alisema. "Mvua bado."

"Leo watu wapo," alisema Mwanamkuu.

Zabibu alikwenda mbio kwake akarudi na debe la mpunga wa mbegu, limejaa mpaka ukingoni. Alikuwa ameuficha juu ya dari kwa ajili ya mafuriko. Mwanamkuu akakaza kibwebwe. Wanawake wakaizunguka ngazi, wanaume wakarudi nyuma kwa heshima. Debe likatua kichwani juu ya kata, naye akaweka mkono mmoja ngazini.

Vipago vitatu vya kwanza alivipanda kama vya kwake. Cha nne alikikanyaga polepole, akakisikiliza, akaendelea. Kwenye cha sita mguu wa kulia ulianza kutetemeka, na kila mtu uani akauona unatetemeka, na hakuna aliyecheka. Haruni akasogea mikono mbele.

"Usinishike!" Sauti ilitoka juu kama ya kufukuza ndege.

Haruni akasimama na mikono yake hewani. Mwanamkuu alivuta pumzi, akahesabu moyoni, moja mpaka kumi, akausukuma ule mguu ukanyooka, akakipita cha saba, na akawa juu ya ulingo. Vigelegele vikapigwa. Aliwanyamazisha kwa mkono. Wao waliona kazi imekwisha. Yeye alijua kuwa mfupa wake ulivunjika wakati wa kushuka. Akageuka na debe lake kichwani. Hofu ilimshika, hofu tupu, wala hakuona haya kuiona. Akashusha mguu wa kulia kwanza, huo huo, ukatafuta kipago, ukakipata. Kisha kingine. Ilichukua muda mrefu kuliko kupanda mara mbili, na aliposikia mchanga chini ya wayo wake hakuamini mpaka aliposikia na wa pili.

Jumbe Mohamedi akavaa kofia yake. "Mrisho," alisema, "shamba lina mwenyewe." Mrisho alikuwa mtu wa muda, lakini hakuwa mtu mbaya, alikuwa wa kwanza kulishusha lile debe kichwani kwa shemeji yake.

Mvua zilianza siku ya tisa. Haruni alibeba mbegu kama alivyosema, begani, tangu Mtunda mpaka bondeni, na mama yake akatembea mbele yake akichechemea kidogo na kumhimiza. Kila walipopita watu walikuwa mashambani, na wanawake waliita kutoka shamba hata shamba, "Mwanamkuuu! Umerudi?" naye akaitika, "Nimerudiii!" kwa sauti ile ile. Walipofika, Haruni alikata fito mpya akafunga vipago vyote saba upya. Alivijaribu kimoja kimoja, akavijaribu tena. Jua lilikuwa limepanda, naye bado anazunguka chini ya dungu akikaza kamba ambazo zilikwisha kazwa.

"Nenda zako, Haruni. Watu wana nguo zao kwako."

"Nakwenda." Hakwenda. Alishika nguzo ya dungu, akaangalia chini. "Mama, na ukianguka tena? Uko peke yako huku. Mimi sina mama mwingine."

Mwanamkuu aliacha jembe. Alimwona mwanawe kama alivyokuwa, mtu mzima mwenye futikamba shingoni na macho yaliyojaa maji, akamwonea huruma kuliko alivyopata kujionea mwenyewe miezi ile yote. Akamfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nikianguka, mwanangu," alisema, "nitakuwa nimeanguka kwangu."

Haruni akashika njia ya Mtunda, na kila hatua chache akageuka kutazama nyuma. Mama yake alikuwa ameinama, anachimba tundu kwa jembe, anatia mbegu, anafukia udongo kwa mguu wa kulia, anasogea mbele, anachimba jingine.